Kuacha Pombe Si Kufungiwa Mlango

Mtu aliyezoea kunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi haachishwi kwa kufungiwa chumbani, na anayemfungia anaweza kumuua huku akidhani anamwokoa. Naandika haya kwa sababu ndivyo alivyofanyiwa ndugu yangu mdogo na wazee wetu huko nyumbani, Vihiga, magharibi mwa Kenya, kwa nia njema kabisa, na kwa sababu kila ninaposimulia yaliyomfika hakosi mtu wa kuniambia kwamba kwao pia kuna kijana aliyewahi kufungiwa, au kwamba wanangoja Desemba ndugu wote wakusanyike ndipo wamfungie.

Ndugu yangu ni fundi wa injini za dizeli. Hapa Nakuru wenye malori walikuwa wakimtafuta yeye kwa jina, wakizipita gereji zenye mabango makubwa, kwa sababu ya mikono yake. Ukitaka kuujua mkono wa fundi, mtazame akirekebisha tapeti, yaani ile nafasi ndogo ya vali za injini: hupenyeza kijibati chembamba cha kupimia ambacho unene wake ni sehemu ndogo ya milimita, akaishikilia skrubu kwa bisibisi huku mkono wa pili ukikaza nati kwa spana, na kijibati kile sharti kiteleze kwa ugumu kidogo tu, kisilegee wala kisibanwe. Asubuhi moja nilipita gerejini kumpa ujumbe wa mama, nikamkuta ameinama juu ya injini, kijibati kikigongagonga chuma bila kukoma kwa sababu vidole vilivyokishika vilikuwa vikitetemeka. Alijaribu, akaacha, akajifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akazunguka nyuma ya lori. Aliporudi alikuwa ananuka pombe na vidole vimetulia tuli, akaimaliza kazi yote bila kukosea. Wenzake hawakushangaa. Gerejini jambo hilo huitwa kutoa loki, na mafundi huulizana kwa mzaha nani bado hajatoa.

Hiyo ndiyo dalili ambayo familia nyingi huipita bila kuiona. Tunamtazama mtu anavyolewa jioni, tunahesabu matusi yake na mitaro aliyoangukia, ilhali ugonjwa wenyewe huonekana anapoamka. Anayetetemeka, kutokwa jasho na kutapika hadi apate mafunda ya kwanza hanywi tena kwa ajili ya starehe. Anakunywa ili aweze kushika kikombe. Ndugu yangu mwenyewe alijitetea kwa hesabu. Alisema ameacha bia, na kwamba siku hizi anakunywa kota tu, yaani kile kichupa cha robo lita kinachoingia mfukoni. Lakini robo lita ya pombe yenye kileo cha asilimia 40 ina mililita 100 za kileo halisi, na bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kichupa kimoja basi ni bia nne kubwa, na yeye alikuwa amekimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kwa wazee wetu, hata hivyo, huo ulikuwa ukosefu wa adabu, na adabu hutafutiwa fimbo. Katika ukoo wetu pombe haijawahi kuhesabiwa miongoni mwa magonjwa. Baba yetu alifariki mwaka wa 2003 akiwa na tumbo lililojaa maji, macho ya manjano na miguu iliyovimba, na kijijini ikasemwa kwamba alilishwa kitu kwenye matanga ya jirani. Hakuna aliyeitaja chang'aa, ingawa hakuna asiyejua alikoinunua. Miaka mingi baadaye, nilipoelezwa na daktari jinsi ini linavyoharibika, ilikuwa kana kwamba ananisomea siku za mwisho za baba. Ini ndilo linalovunjavunja kileo mwilini. Likilemewa kwanza hujaa mafuta, na katika hatua hiyo mtu akiacha kunywa linaweza kurudia hali yake. Asipoacha huvimba, kisha sehemu zilizokufa hugeuka makovu, na makovu hayo hayarudi tena kuwa ini. Damu inayotoka matumboni ikikosa njia ndani ya ini la namna hiyo hutafuta njia nyingine, mishipa ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hufura, na siku mmoja ukipasuka mtu hutapika damu. Maji nayo huvuja yakajaa tumboni. Baba alitapika damu mara mbili kabla ya kufa, na mara zote mbili aliitwa mganga.

Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, hupenda kusema kwamba babu zetu walikunywa busaa kwa mirija na hawakufa. Naona hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, ukachanganywa na kimea cha wimbi. Ni nzito, kileo chake ni asilimia chache tu, na mnywaji hushiba mapema. Tena ilikuwa na siku zake: mavuno, tohara, matanga, kazi ya pamoja shambani. Chang'aa ni pombe iliyochemshwa na mvuke wake kupozwa, kileo chake ni kikali mara nyingi zaidi, na haina msimu. Ila sikubali kwamba zamani hakukuwa na walevi. Walikuwapo, nasi tunawajua kwa majina. Walichokosa ni kichupa cha kutia mfukoni saa moja asubuhi.

Mwaka wa 2017, baada ya wifi yangu kurudi kwao na watoto, wazee walimwita ndugu yangu nyumbani kwa kisingizio cha mpaka wa shamba. Alipofika walimwingiza katika nyumba ndogo ya nyuma yenye godoro, ndoo, maji na uji, wakafunga. Ufunguo alikaa nao baba mdogo. Mimi nilikuwa Nakuru, ninakofundisha, shule hazijafungwa, nikaarifiwa kwa simu kwamba kazi imeanza na kwamba tuombe. Usiku wa kwanza alitetemeka na kutapika, na wazee wakaridhika kwamba pombe inamtoka. Siku ya pili alianguka kifafa, ugonjwa ambao hakuwahi kuwa nao tangu azaliwe. Ikasemwa ni pepo, zikaimbwa nyimbo. Usiku wa tatu alianza kuona siafu ukutani, akawa anawapangusa kutoka mikononi na shingoni hadi ngozi ikachubuka, akizungumza na marehemu baba, mwili ukichemka kwa homa. Binamu aliyeingia na uji alipigwa ngumi kwa kudhaniwa mwizi. Hapo ndipo mama, ambaye mpaka wakati huo alikuwa amewaachia wanaume uamuzi, alipoingiza mkono katika koti la baba mdogo, akatoa ufunguo mbele yake, akamwambia, "Mlizika mmoja. Huyu simpi mtu." Ndugu yangu alipelekwa hospitalini kwa bodaboda, akiwa amebanwa kati ya dereva na kijana mmoja mwenye nguvu.

Nilipofika kesho yake alikuwa amefungwa mikono kitandani kwa vitambaa, dripu inaingia, midomo imepasuka. Afisa wa kliniki aliyekuwa zamu aliniuliza mgonjwa anafanya kazi gani, na nilipomwambia ni fundi alinieleza kwa lugha ya gereji. Kileo, alisema, ni breki inayokanyagwa kwenye ubongo kila siku. Ubongo, ili gari lisisimame, hujifunza kukanyaga mafuta zaidi na zaidi. Sasa ukiondoa breki kwa ghafla, mguu bado uko kwenye mafuta. Ndiyo maana kutetemeka huanza saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho, kifafa hutokea zaidi katika siku mbili za kwanza, na kuweweseka kule kwa kuona wadudu na watu wasiokuwepo huja kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, wakati ambapo familia inadhani hatari imekwisha. Kuweweseka huko kunaua, kwa sababu moyo hukimbia, homa hupanda na maji huisha mwilini. Hospitalini mgonjwa hupewa dawa ya jamii ya dayazepamu, nayo hupunguzwa kidogo kidogo kadiri ubongo unavyotulia.

Jambo lililonishangaza zaidi ni vitamini. Mlevi wa muda mrefu hali vizuri, na hata kile kidogo anachokula hakifyonzwi sawasawa na utumbo, hivyo vitamini B1, inayoitwa pia thiamini, humwishia. Ubongo ukiikosa mtu huyumba hata asipokunywa, macho hushindwa kutulia, na kumbukumbu inaweza kupotea isirudi kamwe. Ndugu yangu alidungwa sindano ya vitamini hiyo kabla ya kutundikiwa dripu ya sukari, kwa sababu sukari ikiingia peke yake humaliza hata ile akiba ndogo iliyobaki. Ni dawa ya bei ya chini, na wala haihitaji hospitali kubwa. Mpaka leo nikikutana na mzee mtaani anayemsahau aliyemsalimu dakika iliyopita, na watu wakacheka kwamba pombe imemfanya mjinga, huwa nafikiria sindano ambayo hakuna aliyemtafutia.

Baada ya hospitali tulishauriwa kumtafutia kituo cha marekebisho. Cha kwanza kilikuwa nyumba ya kupanga yenye ukuta mrefu, isiyo na muuguzi wala mshauri, ambamo tiba ilikuwa kukimbia alfajiri, kuoga maji baridi na kuchapwa. Tulilipa mwezi mzima, akatoka na alama mgongoni na kiu ileile. Vituo hupewa vibali na NACADA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia pombe na dawa za kulevya, na mwenye kituo halali hachukii kuombwa cheti. Kuna pia wanaowauzia wake vidonge vya kutia kwenye chai ya mume bila yeye kujua. Dawa ya namna hiyo ipo kweli, huitwa disalfiramu, lakini hutolewa na daktari kwa mtu aliyekubali na anayejua kwamba akinywa pombe juu yake uso utamwaka joto, atatapika, moyo utamwenda mbio na shinikizo la damu linaweza kushuka vibaya. Kumnywesha mtu kwa siri, naye jioni ataelekea kilabuni kama kawaida, ni kumtegea.

Nimeanza na mwili kwa sababu ndio uliokuwa ukipuuzwa, lakini nyumba ilikuwa imeanza kubomoka zamani. Wifi yangu ndiye aliyekuwa akipiga simu gerejini Jumatatu kusema mumewe ana malaria, na mwenye gereji akikubali, ingawa Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamruhusu mwajiri kumfukuza mara moja anayefika kazini akiwa amelewa hadi hawezi kazi. Ndiye aliyelipa madeni ya duka, akachukua mikopo ya simu kulipia mikopo ya simu, na akaficha pesa za karo ndani ya mfuko wa unga hadi siku mumewe alipoukung'uta unga wote sakafuni. Usiku huo mume alimvunja mkono. Wazee walitaka jambo limalizwe nyumbani kwa kuku na msamaha. Wifi alikwenda kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia, kisha akaenda kwao, na mimi niliona amefanya sawa, nikamwambia hivyo mbele ya ndugu zangu. Pombe inaeleza kwa nini mkono uliinuka, lakini haimlazimu mwanamke kukaa chini yake.

Binti yao wa kwanza alikuwa darasa la sita. Aliwahi kunieleza, bila kulalamika, kwamba alijua baba yake atakuwaje kwa jinsi alivyosukuma lango: akilisukuma kwa goti amebeba kitu na ana furaha, akitafuta komeo kwa muda mrefu bila kulipata, yeye huwaamsha wadogo zake na kuwahamishia kwa jirani. Alisema haya akinionyesha jinsi anavyowavalisha viatu gizani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na baada ya hapo nilianza kuwaona darasani watoto wa aina yake. Si lazima wawe watoro au wachafu. Wengine ni nadhifu kupita kiasi, hawaombi kalamu, hawakosei, wanasinzia saa nne, na mlango ukifunguliwa kwa nguvu wao ndio wa kwanza kuinua kichwa. Mwalimu mwenzangu husema watoto hao wamekomaa mapema, kana kwamba ni sifa. Kuna na wengine ambao madhara yaliwapata kabla hawajazaliwa, kwa kuwa kileo anachokunywa mama mjamzito hupita moja kwa moja hadi kwa mtoto, na ubongo ulioumizwa tumboni hauponi kwa kumchapa mtoto ili atulie au akumbuke majedwali ya hesabu.

Watu hupenda kuhofia zaidi pombe yenye sumu, na hofu hiyo ina msingi. Mwaka wa 2000 zaidi ya watu mia moja walikufa jijini Nairobi kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka wa 2014 vifo vya namna hiyo vilitokea katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Methanoli ni kemikali ya viwandani inayoongezwa ili pombe iwe kali kwa bei ndogo. Ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia neva ya macho, na kwa kuwa kazi hiyo huchukua saa nyingi, mnywaji hulala salama akaamka anaona ukungu. Hapo asingojewe, kuna dawa ya kuzuia sumu hiyo na mashine ya kusafisha damu, lakini saa zinahesabika. Sheria ya mwaka wa 2010, ambayo Wakenya wengi huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, iliihalalisha chang'aa kwa masharti ya usafi, kibali na chupa, ikapiga marufuku pombe ya pakiti na kuweka saa za kufungua baa. Nadhani ilikuwa na busara, ijapokuwa mpikaji wa kijijini hakuwahi kuuona mlango wa ofisi ya vibali. Lakini ndugu yangu hakuwahi kunywa pombe yenye sumu. Kota zake zote zilikuwa na muhuri wa ushuru. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya kileo miongoni mwa visababishi vya saratani tangu mwaka wa 1988, ikiwamo ile ya umio ambayo imewamaliza watu wengi sana katika maeneo yetu ya magharibi na Bonde la Ufa, na halikutenganisha pombe halali na ya magendo.

Ndugu yangu leo hanywi. Alirudia mara kadhaa, na kila mara baba mdogo alitangaza kwamba pesa zimepotea bure, ingawa yeye mwenyewe ana kisukari na hakuna anayemwambia dawa zimepotea bure sukari inapopanda. Kinachomtikisa zaidi ni matanga. Huko kwetu mtu hukesha, hukutana na wenzake wa utotoni, na kichupa kinapita gizani chini ya turubai. Kukikataa ni kama kumkataa marehemu. Tulikubaliana kwamba ahudhurie mchana, achimbe kaburi na wenzake kama ilivyo wajibu wake, kisha aondoke kabla ya jua kuzama, na mama ndiye anayejibu wanaouliza yuko wapi. Wifi hajarudi. Watoto huja kwa baba yao wakati wa likizo, na karo huitoa ndugu yangu mwenyewe, moja kwa moja kwa akaunti ya shule. Mikono imerudi, ila si yote. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vina ganzi ambayo daktari alisema imetokana na neva kuharibika, kwa hiyo kazi ya tapeti sasa amemwachia kijana anayemfundisha, naye husimama pembeni akisikiliza injini.

Agosti iliyopita alinipigia binamu kutoka nyumbani. Mwanawe mkubwa, mwendesha bodaboda, siku hizi huanza kunywa asubuhi, wazee wamekaa kikao na nyumba ndogo ya nyuma imefagiliwa. Sikumhubiria. Nilimuuliza kijana amekunywa mara ya mwisho lini, kama anatetemeka akiamka, kama amewahi kuanguka kifafa, na kama anakula. Alikuwa akitetemeka, na tangu asubuhi alikuwa hajanywa, kwa sababu walikuwa wamemnyang'anya pesa. Nikamwambia wampeleke hospitalini, wasingoje kupambazuke, na kwamba wakikwama njiani au wakikosa pa kuuliza wapige 1192, nambari ya NACADA isiyotozwa pesa. Baba mdogo alichukua simu, akaniuliza, "Mwanangu, sasa mlevi naye apelekwe hospitali kwa kutetemeka tu?" Nikamjibu, "Ndiyo, Baba, kwa kutetemeka tu." Walikodi gari la proboksi wakampeleka hospitalini Mbale, huko huko Vihiga, usiku huohuo, akalazwa, akaanzishiwa sindano na vidonge, na hakuanguka kifafa.